Kati ya Kamba na Kamba

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa msumeno wala randa. Nilipewa kamba ya katani, vigingi vinne na nyundo, nikaambiwa nichore mraba ardhini, futi kumi kila upande. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Nilikuwa nimetembea siku mbili kutoka Nyabiyonza hadi vilima vya Kyerwa, ambako kulikuwa na mgodi wa bati. Kote huko ni Karagwe. Elimu yangu ilikuwa ya darasa la nne katika shule ya misheni ya Kilutheri, na haikuongezeka baadaye.

Fundi Mkuu wa karakana alikuwa Mhaya wa Muleba, mtu mwembamba mwenye sauti kubwa. Alipoona nimemaliza, alikuja akasimama juu ya mraba wangu.

"Umepima pande zote nne?"

"Nimepima, Bwana Fundi. Kumi, kumi, kumi, kumi."

Akachukua kamba nyingine, akaivuta kutoka kona moja hadi kona inayoikabili, akafunga fundo. Kisha akaivuta kati ya zile kona mbili nyingine. Fundo lilipita kigingi kwa shubiri nzima.

"Hiki si mraba. Hiki ni kitanda kilicholaliwa na ng'ombe." Wenzake wakacheka. "Ninyi Wanyambo mmezaliwa ndani ya mushonge, nyumba ya mviringo. Mkiona kona mnaikimbia."

Nilicheka nao kwa sababu sikuwa na la kufanya. Akaniambia nichomoe vigingi nianze upya. "Pande nne zinaweza kuwa sawa na bado zikakudanganya," alisema. "Kona kwa kona haidanganyi." Nilirudia mpaka jua lilipogeuka. Nilifanya useremala miaka zaidi ya thelathini baada ya hapo, na kila kitu nilichojenga, kuanzia madawati hadi milango, nilikipima kona kwa kona.

Kazi yetu karakanani ilikuwa kukata nguzo za kuzuia udongo mashimoni, kutengeneza mikokoteni na kurekebisha nyumba za wafanyakazi. Ulingo wa ndondi ulikuja mwaka wangu wa tatu. Wachimbaji walikuwa wakipigana kila Jumapili kwenye rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, na Jumatatu nusu ya watu walikuja kazini na macho yaliyovimba. Bwana Mhandisi, Mzungu mrefu aliyezungumza Kiswahili polepole lakini bila kukosea, akasema kama watu wanataka kupigana basi wapigane kwa saa, kwa glovu na mbele ya mwamuzi. Akachora ulingo kwenye karatasi, akaja nayo mwenyewe karakanani.

Nitaeleza vipimo, maana najua wapo wanaosoma haya kwa ajili hiyo. Jukwaa lilikuwa mraba wa futi ishirini na mbili. Urefu wake kutoka ardhini ulikuwa futi tatu na nusu, ili hata aliyesimama nyuma aone. Lilikaa juu ya miguu tisa ya mti mgumu: minne kwenye kona, minne katikati ya pande, mmoja katikati kabisa. Juu ya miguu zililazwa boriti, na juu ya boriti mbao za inchi moja na nusu, zimebanwa bila kuacha nafasi. Tuliweka pimamaji kila hatua moja, maana sakafu yenye mteremko humchosha bondia mguu mmoja kabla ya mwingine.

Juu ya mbao, karatasi ilisema tuweke kitambaa kinene cha sufu. Hatukuwa nacho. Fundi Mkuu aliagiza magunia ya kahawa, tukayashona mawili mawili na kuyajaza nyuzi kavu za mgomba, kisha tukayapiga kwa nyundo za mti mpaka yakawa tambarare. Unene ulipobaki inchi moja tulitandika turubai juu yake na kulikaza kwa chini. Bwana Mhandisi alipanda, akavua viatu, akatembea akiwa na soksi tu. Akaanguka makusudi kwa mgongo. Sote tulishtuka. Akalala pale kidogo akitazama mawingu.

"Nzuri," alisema. "Nimelala hoteli mbaya kuliko hii."

Nguzo za kona zilikuwa nne, nazo hazikusimama ukingoni mwa jukwaa. Zilisimama ndani kidogo, kwenye matundu tuliyoyatoboa, ili ziweze kuchomolewa na kuhifadhiwa mvua inapoanza. Kutoka nguzo hadi nguzo zilipita kamba tatu, unene wa inchi moja, zimezungushiwa kitambaa zisimchubue mtu. Ya chini ilikuwa futi moja na nusu kutoka sakafuni, ya kati futi tatu, ya juu futi nne na kidogo, usawa wa kifua. Kila kamba ilikazwa kwa parafujo ya chuma kwenye nguzo. Isikazwe sana mpaka ikarusha mtu kama upinde, wala isilegee mpaka akapita katikati na kuangukia watazamaji.

Hapo ndipo Bwana Mhandisi alipotuambia neno ambalo nataka mlishike. "Kipimo cha ulingo si mbao hizi," alisema, akigonga ukingo wa jukwaa kwa kiatu. "Jukwaa ni la macho. Bondia anaishi kati ya kamba na kamba. Hapo ni futi kumi na nane, na kona kwa kona ni ishirini na tano na inchi tano na nusu. Ukimnyima inchi, umemnyima mahali pa kusimama."

Fundi Mkuu aliniangalia. "Umesikia, mtu wa mushonge?"

"Nimesikia, Bwana Fundi."

Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Wala siwezi kusema sikuelewa.

Sasa nimtaje Kaijage. Alikuwa mchimbaji kutoka Kaisho, mpana wa mabega, mwenye kicheko cha chinichini. Siku moja tulikuwa tunapandisha boriti ya paa la stoo na kamba ikakatika. Boriti ilinijia kifuani, na Kaijage, aliyekuwa anapita tu na sepetu yake, akaidaka kwa bega. Alibaki na kovu. Baada ya mwezi tulinywana. Vijana wa leo huenda hawajui. Watu wawili hugawana buni ya kahawa, kila mmoja hupaka kipande chake damu kidogo iliyochanjwa karibu na kitovu, kisha kila mmoja humeza kipande cha mwenzake. Tangu hapo mnaitana munywanyi. Huwezi kumdhuru, na akikuomba kitu huwezi kukataa. Mwinjilisti wetu alikemea jambo hilo kila mara kanisani. Nilikaa benchi la pili nikamsikiliza, na Jumamosi iliyofuata nikaenda Kaisho nikameza.

Kaijage ndiye aliyekuwa bingwa wa ulingo ule miaka yote kabla ya vita vikuu vya pili. Hakuwa mwepesi. Alisimama, akapokea ngumi mbili ili atoe moja, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuvuta pumzi. Hatua mbili, kila mara. Nilimtazama mara nyingi mpaka nikawa nazihesabu bila kutaka.

Vita vilipokuja Bwana Mhandisi aliondoka na hakurudi. Mimi nilihamishiwa ofisi ya serikali, chini ya Karani Mkuu wa ujenzi, mtu wa Bukoba aliyeandika kila msumari. Nilitengeneza madawati ya shule na masanduku ya mizigo, nikalala nyumba za udongo huko Rugera na kwingineko, na mvua zilinikuta njiani kila msimu. Sina mengi ya kusimulia kuhusu miaka hiyo. Niliporudishwa mgodini, Fundi Mkuu alikuwa amestaafu na kurudi Muleba, nami nikapewa cheo chake. Bwana Meneja mpya alikuwa mtu wa hesabu na barua. Hakuwahi kuvua viatu.

Ulingo nilioukuta ulikuwa umeliwa na mchwa. Nguzo zilikuwa nzima kwa sababu zilihifadhiwa stoo, lakini jukwaa lote lilibomoka mkononi kama ugali mkavu. Bwana Meneja akaagiza lijengwe jingine kwa vipimo vya karatasi ya zamani, kwa kuwa alitaka mashindano. Alitangaza pia kwamba mshindi atafanywa nyapara wa juu, yaani msimamizi wa kazi za juu ya ardhi.

Kaijage alikuwa karibu na miaka arobaini. Magoti yake yalikuwa yameharibika kwa kuchuchumaa mashimoni, na alikohoa asubuhi. Mke wake, Kokugonza, alikuwa ameshasema mbele yangu kwamba mvua moja zaidi huko chini itamzika. Unyapara wa juu ulikuwa njia yake ya pekee ya kutoka shimoni bila kufukuzwa kazi. Na mpinzani wake angekuwa Koplo, kijana aliyerudi kutoka jeshini, mwepesi kama nzi juu ya maziwa, aliyefundishwa ndondi na askari wa Kizungu.

Walinialika kula kwao. Kokugonza alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Kaijage akanivuta kando, lakini si mbali.

"Munywanyi, nipunguzie ulingo."

"Ulingo una kipimo chake."

"Na magoti yangu yana kipimo chake. Yule mtoto atanizungusha kama ndama aliyefungwa kambani, raundi tatu, mpaka nianguke mwenyewe. Nikipata kumshika kwenye kona, ngumi moja inatosha."

"Meneja atapima."

"Meneja anajua kupima barua." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Zakaria. Kwani buni ile tulimeza kwa ajili gani?"

Nilikula ndizi zao na maharage, nikashukuru, nikaondoka.

Nilijenga jukwaa la futi ishirini na mbili, halali kabisa, kona kwa kona bila kosa. Kisha nikatoboa matundu ya nguzo ndani zaidi kuliko ilivyoandikwa, futi moja na inchi tatu kila upande. Kati ya kamba na kamba zikabaki futi kumi na tano na nusu. Kwa macho huwezi kujua, kwa sababu ukingo wa jukwaa ndio unaoonekana, nao ulikuwa pale pale. Bwana Meneja alikuja na karani wake. Wakavuta utepe wa kupimia ukingo kwa ukingo, wakaona ishirini na mbili.

"Na kamba?" Meneja aliuliza, kalamu mkononi.

"Kumi na nane, Bwana."

Akaandika. Nimewahi kusema uongo mdogo mdogo kama watu wote. Huo ndio mmoja ninaoukumbuka kila siku.

Pambano lilifanyika Jumapili baada ya ibada. Watu walikuja hata kutoka Kaisho na ndizi zao za kuchoma. Mwamuzi alikuwa karani wa stoo, amevaa fulana nyeupe iliyombana tumbo.

"Koplo, leo hakuna pa kukimbilia!" watu wa Kaisho walipiga kelele.

"Mzee aletewe kiti!" wakajibu wa upande wa pili. "Na uji!"

Raundi ya kwanza ilikwenda kama Kaijage alivyotaka. Koplo aliteleza nyuma kwa mazoea, na kabla hajatarajia kamba ikamgusa mgongo. Alishangaa, nikaona usoni. Kaijage akampiga ubavuni, na watu wote wakasimama. Nilianza kufikiri kwamba nimefanya jambo jema.

Lakini kijana alikuwa na akili. Raundi ya pili hakukimbia tena. Alisimama akajibu, ngumi tatu kwa moja. Kaijage akapokea, akatoa yake, kisha akarudi nyuma kuvuta pumzi. Hatua moja. Hatua ya pili haikuwepo. Kamba ilimpokea na kumrudisha mbele, usoni mwa ngumi ya Koplo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyekosea njia ya nyumbani kwake. Akajaribu tena. Miaka kumi na zaidi mwili wake ulikuwa umezoea hatua mbili, na mimi nilikuwa nimeondoa moja. Mara ya tatu niliita jina lake, lakini kelele zilikuwa nyingi. Mara ya nne alianguka. Magunia yalimpokea vizuri. Sehemu hiyo nilikuwa nimeijenga vizuri.

Watu walipokuwa wanambeba, Koplo alibaki ulingoni. Akavua glovu, akatembea kutoka kamba hadi kamba akigusisha kisigino na kidole, akihesabu kimyakimya. Akainama kwangu.

"Fundi, hapa si kumi na nane."

"Si kumi na nane."

"Nilidhani mmenitengenezea mtego mimi," alisema. Akatazama walikokuwa wanampeleka Kaijage.

Jumatatu asubuhi nilikwenda ofisini kwa Bwana Meneja, nikamweleza yote, nikamwambia anifukuze. Aliweka kalamu chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mtu amepigwa na ngumi," alisema. "Hakupigwa na mbao. Ukilisema jambo hili, na mimi niliyetia sahihi nitaulizwa. Rudi kazini."

Nilirudi kazini. Hiyo ndiyo adhabu niliyopewa. Nilichomoa nguzo, nikatoboa matundu mapya mahali panapostahili, nikaziba yale ya mwanzo kwa vipande vya mti. Ulingo ukawa futi kumi na nane kamili. Sikumbuki kama mtu yeyote alipigana tena humo. Koplo alikuwa nyapara mwema, na hakuna aliyesikia habari ya kipimo kile kutoka kwake.

Kaijage alipoteza jicho la kushoto. Maneno yake yakawa mazito, na baada ya mwaka akaanza kusahau. Alirudi Kaisho kwenye migomba yake. Nilikwenda kila mwisho wa mwezi na chumvi na sabuni, nikamsaidia kupunguza machipukizi ya migomba na kuchuma kahawa. Tukimaliza tulikaa kwenye jamvi na aliniuliza swali lile lile.

"Munywanyi, hivi ulingo ule ulikuwa futi ngapi?"

"Kumi na tano na nusu."

"Ulipaswa kuwa ngapi?"

"Kumi na nane."

"Sasa nani alikosea kupima?"

"Mimi."

Alikuwa akitikisa kichwa, akinipiga begani taratibu. "Usijali. Fundi hukosea." Mwezi uliofuata aliuliza tena. Alikuwa amesahau kabisa kwamba aliomba yeye, na sikumkumbusha hata mara moja. Miaka minane nilisamehewa kila mwisho wa mwezi na mtu asiyejua yote aliyokuwa anayasamehe.

Alikufa wakati wa mvua ndefu. Nilitengeneza sanduku mwenyewe, kwa mbao nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya mlango wangu. Nilipima kona kwa kona. Tulipofika makaburini, waliochimba walilitazama wakaguna, na mmoja akaniita kwa heshima ya mzee.

"Ta Zakaria, hapa umepima au umekisia? Hili ni la watu wawili."

"Nimepima."

"Basi haliingii."

"Ongezeni shimo."

Waliongeza, wakinung'unika, maana udongo ulikuwa umelowa. Nilikuwa nimempa nusu futi zaidi kila upande.

Jioni, wageni walipopungua, nilimwambia Kokugonza kwamba nina jambo la kumweleza kuhusu ulingo.

"Shemeji," alisema, "nilikuwa mlangoni namenya ndizi. Nilisikia kila neno."

"Miaka yote hii? Mbona hukumwambia kwamba yeye ndiye aliyeomba?"

Hakuwa na hasira, na hilo lilinichosha kuliko hasira.

"Yeye alikuwa mpiganaji, alikuwa na haki ya kuomba," alisema. "Fundi ulikuwa wewe." Kisha akaniletea maji ya kunawa, akanipakulia chakula.

Nilistaafu muda mfupi baadaye, bati lilipopungua na karakana kufungwa. Nilipewa barua ya shukrani na koti. Sasa niko Nyabiyonza na kahawa yangu, mikono inatetemeka, na kwa kweli nimechoka. Nimeandika haya kwa sababu mwalimu mmoja wa Rugera alinitumia mtu kuuliza vipimo vya ulingo wa shule yake. Vipimo nimevitoa hapo juu, navyo ni sahihi. Vijana wakiwa wadogo wanaweza kutumia futi kumi na sita, haina ubaya, mradi kila anayepanda aambiwe kabla.

Magunia yakikosekana, tumieni nyasi kavu, lakini zibadilishwe kila mara. Kamba zizungushiwe kitambaa. Mkimaliza, pimeni kona kwa kona, kisha kati ya kamba na kamba. Baada ya hapo fundi ashuke, ampe utepe mtu ambaye si munywanyi wake wala wa bondia yeyote, apime tena mbele ya watu na kusema futi kwa sauti.